Wachina wakisema "saba juu nane chini" wanamaanisha nini?

fundi_wa_mjengo
Habari zenu. Niko mjengo huku Kilimani na injinia wetu ni Mchina. Juzi tulikuwa tunangoja wakaguzi kabla tumwage slabu, jamaa hatulii, mara anaangalia simu mara anaangalia geti, halafu nikamskia akimwambia mwenzake "qi shang ba xia". Kuhesabu Kichina najua mpaka kumi, kwa hivyo nikashika hapo kuna saba juu nane chini, nikadhani ni mambo ya vyuma. Kumuuliza akacheka tu akashika kifua, Kiswahili kikamwishia hapo. Ni nini hiyo jameni?

laoshi254
Hahaha vyuma! Hiyo ni tumbo joto ndugu yangu, yaani wasiwasi, ila kwao inakaa moyoni. Msemo mzima ni wa ndoo 15 za kuteka maji kisimani, saba zinapanda nane zinashuka, sasa piga picha moyo ukiwa hivyo. Msemo wao wa woga ninaoupenda mimi ni ule wa kikombe na upinde. Mtu alialikwa pombe kwa mkubwa wake, akaona kama nyoka anacheza ndani ya kikombe, akaogopa kukataa akanywa hivyo hivyo, kufika nyumbani kifua na tumbo vinamuuma hata kula hawezi. Mwenyeji kuskia hivyo, akarudi pale walipokunywa akakaa akaangalia, kumbe ni upinde ulioning'inia ukutani, kivuli chake kiliingia kwa pombe. Akaagiza mgonjwa aletwe, akamwekea kikombe palepale akaona mwenyewe, ugonjwa ukaisha. Aliyeandika ni Ying Shao wa enzi za Han, utawala wa zamani wa China, na huyo mwenyeji alikuwa babu yake.

mama_wa_mandazi
Si hiyo ni kama yetu, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka?

laoshi254
@mama_wa_mandazi hapana, huyu hakuumwa na chochote, ni macho yake tu. Yako wanayo pia lakini: ukiumwa na nyoka mara moja, miaka kumi unaogopa kamba ya kisima.

korokoroni
Mmesahau Fu Jian, mfalme wa kaskazini mwa China. Mwaka 383 alishuka na jeshi kubwa sana kuwamaliza Jin, watawala wa kusini, kabla ya vita vyenyewe vya mto Fei akaangalia mlima Bagong akaona kila nyasi na kila mti ni askari. Hapo ukatoka msemo mmoja. Wakapigwa, na wakikimbia kila wakiskia upepo ama korongo analia wanadhani adui amewafikia, hapo ukatoka wa pili. Vita moja misemo miwili na yote ya woga, mimi ningekuwa ukoo wake ningehama.

fundi_wa_mjengo
Asanteni sana, ndoo tena! Ndio maana alishika kifua. Wakaguzi walikuja na slabu tukamwaga. Kesho namwambia sisi tunasema tumbo joto, lakini nikishika tumbo huyu atanipeleka kliniki.