Kuuza EP bila lebo: WhatsApp na lipa namba, Bandcamp, au flashi?

Mzee wa Biti (Ngarenaro)
Wakuu habari. Nina EP ya nyimbo sita, hip hop ya Chuga (Arusha), miksi na masta tayari. Lebo sitaki, nilionyeshwa mkataba wa jamaa yangu, nikafika ukurasa wa pili nikamrudishia. Nataka hela itoke kwa shabiki ije kwangu moja kwa moja. Boomplay na Spotify nitaweka baadaye kwa ajili ya jina tu. Kwa mauzo nimebaki na hizo njia tatu. Mliopita huko, ipi inalipa?

Mama Kwaya
Mwanangu, huku Moshi flashi ndiyo inatulipia sare. Ibada ikiisha tunatandika meza nje, watu bado wana moto, wananunua kabla hawajafika getini. Wazee wanaichomeka kwenye redio: hakuna bando, hakuna nywila. Ila usinunue zile za bei chee. Zinasoma leo, kesho hazisomi, na muumini akikasirika mtaonana naye kila Jumapili.

Chalii wa Sombetini
WhatsApp, mkuu. Meseji ya muamala ikiingia unamtumia mtu mzigo wake. Tuma kama dokumenti, na usisahau kumwambia aseivu namba yako: orodha ya matangazo inabeba watu 256, na asiyekuseivu hapati kitu hata ukituma mara kumi.

Kipaza
Halafu mteja wa kwanza anarusha kwenye grupu la ukoo. Umeuza moja, wamesikiliza mia.

Chalii wa Sombetini
Itavuja tu, sikatai. Ndiyo maana kabla sijatuma nafungua taarifa za ndani za MP3, pale penye jina la albamu naandika lipa namba yangu. Wimbo ukifika kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, ukaishia kwenye Hiace, kioo cha redio kinapitisha namba yangu mbele ya abiria. Kuna watu wananirushia buku na hatujuani kabisa.

Kipaza
Hapo umenimaliza 😂

Njiro Bass
Bandcamp, ile tovuti ambayo msanii anauza nyimbo zake mwenyewe, inafaa kama una wasikilizaji wa nje, na Arusha wapo: watalii, watu wa kujitolea, wageni wa mikutano. Inakata 15% kwenye nyimbo za kupakua, juu yake kuna makato ya malipo. Ukiuza EP dola 7 utabaki na chini ya dola 6. Lakini mnunuzi anaruhusiwa kuzidisha bei uliyoweka, na wazungu huzidisha kweli. Tangu 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo Bandcamp haichukui fungu lake. Toa kazi siku hiyo. Kitu kimoja: hela inapitia PayPal, kwa hiyo hakikisha akaunti yako inapokea, siyo kutuma tu. Wengi hukwama hapo.
Soko la nje siyo ndoto pia. X Plastaz, lile kundi la hip hop, walitoka hapa hapa, na albamu yao ya 2004 ilitolewa na lebo ndogo ya Ujerumani.

Kipaza
Mbona hamumtaji Nipsey Hussle, yule rapa wa Marekani? 2013 alichapa nakala 1,000, kila moja dola 100, huku mikstepu yenyewe ikipatikana bure mtandaoni. Zikaisha.

Mama Kwaya
Huyo alikuwa Los Angeles. Hapa ukisema laki mbili na ushee kwa nyimbo utaombewa.

Njiro Bass
😂 Ila wazo lake linafaa, bei ndiyo ishuke. Flashi chache zenye sahihi yako, uziuze na fulana usiku wa shoo. Na Mzee, sajili kazi COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kabla hujasambaza chochote. Siku ukimkuta mtu anauza nyimbo zako uwe na karatasi mkononi.

Mzee wa Biti (Ngarenaro)
Nimewasoma. WhatsApp kwa watu wa nyumbani, na ujanja wa Chalii nauiba kama ulivyo. Bandcamp ikishakubali kunilipa, nabandika msimbo wake wa QR mlangoni siku ya shoo. Mama Kwaya, flashi zinazosoma mnachukua duka gani?

Mama Kwaya
Njoo PM, nikuunganishe na muuzaji wetu. Mwambie umetumwa na kwaya, vinginevyo atakupa zile zingine.