Naomba ushauri: filamu fupi ya imani kwa bajeti ndogo

Habari zenu wapendwa. Sisi ni vijana watano kanisani, tunaandaa filamu ya dakika 8 hivi kutokana na mfano wa mwana mpotevu, Luka 15:11-32. Tumeuleta kwenye maisha ya leo: nyumba moja, waigizaji watatu, na karibu kila kitu kinatokea jikoni asubuhi ile kijana anaporudi. Kamera ni simu, taa ni dirisha.

Picha hainisumbui sana. Kinachonitesa ni sauti. Jaribio la kwanza tulirekodi kwa simu ileile iliyokuwa mbali, maneno ya baba yakamezwa na mwangwi wa chumba, na maneno hayo ndiyo moyo wa filamu yenyewe. Tutundike mablanketi ukutani, tufiche simu ya pili karibu na mwigizaji, kisha tupige makofi mara moja mwanzoni ili kuoanisha sauti na picha? Au fedha kidogo tuliyonayo yote iende kwenye maikrofoni ya kubana kwenye kola?

Halafu mwisho. Luka hatuambii kama kaka mkubwa, aliyekasirika mdogo wake alipofanyiwa karamu, aliingia ndani. Natamani tuishie hapo, kaka amesimama mlangoni, bila mhubiri kutokea na kufafanua. Wenzangu wanahofu ujumbe utapotea. Mimi naamini mtazamaji akiachiwa swali, analala nalo. Mliowahi kufanya, mliamuaje?

Na wimbo wa zamani ambao haki zake zimekwisha, tafsiri yake nayo huombewa kibali?