Majirani wa Tabata: injini ya IST

*Baba Neema:* Habari za asubuhi majirani. Mteja wa ile Toyota IST yangu anakuja Jumapili. Injini imejaa vumbi na oili, nataka ioshwe leo. Kijana wa pale kona anasema anaipiga petroli kwanza, halafu presha. Mnaonaje?

*Mama Salma:* Petroli? Uani hapa hapa, na mimi nina jiko la mkaa?

*Fundi Hamisi:* Shikamooni wakubwa. Baba Neema, petroli hapana kabisa. Mvuke wake mzito kuliko hewa, haupai, unatambaa chini mpaka ukutane na moto. Na si jiko tu, hata cheche ya betri unapolegeza teminali inatosha.

*Baba Neema:* Marahaba. Mbona pale kona kila siku wanafanya?

*Fundi Hamisi:* Wanafanya kweli. Wengine wanapaka mafuta ya taa. Hayo hayawahi kushika moto kama petroli, ila injini ikiwa ya moto usicheze nayo, na yanakula raba za hozi.

*Juma wa Mzee Kondo:* Shikamooni. Sasa fundi, presha nayo ina kosa gani? Si ndiyo inatoa uchafu wote?

*Fundi Hamisi:* Juma, IST kila plagi ina koili yake juu, ile inayoipa umeme wa cheche. Maji ya presha yakizama kwenye shimo la plagi hayatoki. Ukiwasha, inamisi, gari linatetemeka, taa ya cheki injini hiyooo. Mteja afike akute hivyo? Bado alternata, ile ya kuchaji betri, na boksi ya fyuzi, navyo havitaki maji.

*Mama Salma:* Afanyeje basi?

*Fundi Hamisi:* Aache ipoe kabisa. Kiganja kikikaa juu ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, bila kuungua, sawa. Chuma cha moto ukikimwagia maji baridi kinaweza kupasuka, manifoldi ya ekzosi hasa, pale moshi unapotokea kwenye injini. Atoe teminali ya hasi. Afunike alternata, koili, boksi ya fyuzi na mdomo wa eyaklina, pale hewa inapoingilia, kwa nailoni. Ile mifuko mliyoificha tangu ipigwe marufuku 2019, kazi yake ndiyo hii 😂

*Mama Salma:* 😂😂 Ninayo, uvunguni.

*Fundi Hamisi:* Vumbi litoke kwanza kwa brashi kavu. Halafu sabuni ya kuondoa grisi, ile ya kuchanganya na maji. Paka, subiri dakika 5 mpaka 10 isikauke, sugua, kisha futa kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa, si mpira wa maji! Toa nailoni, acha boneti wazi juani mpaka pakauke, rudisha teminali, ndipo uwashe.

*Bi Mwajuma:* Na hayo maji ya oili yanaenda wapi? Mtaro unapita kwenye mchicha wangu.

*Mjumbe:* Swali zuri, Bi Mwajuma. Na mtaro ukitoka kwako unaishia mto Msimbazi, wa huko chini nao wana bustani. Kwenye mtaro haiendi hata tone.

*Baba Neema:* Nimekuelewa mjumbe. Nitatandika maboksi chini na kumwaga maranda, seremala anayo tele.

*Fundi Hamisi:* Safi. Maranda na matambara tia kwenye ndoo yenye mfuniko, nitayapeleka gereji pamoja na oili chafu. Ila mtu asiyachukue kuwashia jiko, wanangu nawajua 👀

*Mama Salma:* Unanisema mimi?

*Fundi Hamisi:* Hapana mama 😅 Jingine, Baba Neema. Usiing'arishe kama kioo. Mnunuzi mjanja akikuta injini inameremeta anajiuliza unaficha nini. Safisha leo, endesha mpaka Jumamosi, tuone oili inatokea wapi. Mimi nadhani gasketi ya tapeti kava, ile raba ya kuzuia oili isivuje, si gharama kubwa.

*Baba Neema:* Mteja nimwambie?

*Fundi Hamisi:* Mwambie, mwoneshe na risiti ya gasketi mpya.

*Mzee Kondo:* Kwani hiyo IST unaiuza bei gani?

*Baba Neema:* Shikamoo mzee. Nakupigia sasa hivi.