Kuunga jenereta kwenye umeme wa nyumba: chenjova ni lazima?

pweza_wa_wete
Asalaam aleykum wakubwa. Mimi niko Wete, nna freza mbili za samaki na pweza nyumbani na huu umeme wetu mnaujua, ukiondoka saa nne usiku saa nyengine unarudi alfajiri na mimi hapo roho iko juu. Sasa nshanunua jenereta ya petroli 3 kVA, imekuja na boti kutoka Unguja, nzima haina neno. Kazi iko kwenye kuiunga. Kuna kijana hapa mtaani anafanya kazi za waya kanambia hamna haja ya gharama, atanifungia waya una plagi pande zote mbili, huku nachomeka kwenye jenereta huku kwenye soketi ya ukumbini, nyumba yote inawaka, muhimu nizime meni swichi kwanza. Mjomba wangu kasikia kaja juu, kasema huo waya ukiingia ndani yeye hakanyagi tena. Suali, ubaya wake nini kama meni nshazima? Na hiyo chenjova, ile swichi ya kuhamisha nyumba baina ya umeme wa kawaida na jenereta, ni lazima kweli au mafundi wanatafuta pesa?

fundi_kikwajuni
Waalaykum salaam yakhe. Mjomba kasema kweli. Anza na huo waya wenyewe, ukishachomeka upande wa jenereta basi ile plagi ya upande wa pili vyuma vyake viko nje na vina volti 230, ikichomoka au mtoto akaiokota basi hapo hamna mazungumzo. Hilo halina uhusiano na meni imezimwa au haikuzimwa.
Sasa la meni. Siku umesahau kuzima, au umezima wewe na mtu mwengine kaona nyumba giza kaiwasha, umeme wako unatoka kupitia mita unakwenda mpaka kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haichagui upande wa kulishwa. Ile inayoshusha volti elfu 11 kuwa 230, ukiilisha 230 huku chini inapandisha elfu 11 kule juu. Na juu kule ndo kuna kijana wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, kapanda nguzo usiku anatafuta hitilafu ili wewe upate umeme.

mzee_wa_chasimba
Haya mambo mnayakuza. 3 kVA ndo ilishe mtaa mzima? Ikikutana na mafriji ya majirani inakoroma inazima pale pale. Hapa petu watu wanafanya miaka na hakuna aliyekufa.

fundi_kikwajuni
@mzee_wa_chasimba ami, mara nyingi itazima ndio, sikatai. Lakini umeme umekatika kwa sababu gani? Kama waya umekatwa na mnazi hapo hapo karibu na kwako, jenereta yako haioni mtaa mzima, inaona nyumba mbili tatu tu na kipande cha waya kilicholala chini njiani, hapo haizimi ng'o. Na hata ikizima, mshtuko unatosha ule wa mwanzo. Halafu kuna siku umeme wa ZECO unarudi ghafla na jenereta inazunguka, hivyo viwili havikwenda sawa, hapo waindingi ya jenereta inaungua kama una bahati, kama huna inaanza kuungua na nyumba.
Chenjova kazi yake ni hiyo tu. Swichi moja ina sehemu tatu, ZECO, sifuri (yaani imezimwa), jenereta, na kwa umbo lake haiwezi kugusa huku na huku kwa wakati mmoja. Usahau, uwe na usingizi, awashe mtoto, haiwezekani.

bint_malindi
Sisi Unguja tulifundishwa jenereta na ule mwaka waya wa baharini ulipoharibika, mwezi wa tano 2008 kisiwa kizima giza karibu mwezi, halafu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nyinyi Pemba wakati ule mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha mkitucheka 😂 waya wa kutoka Tanga kwenu umekuja 2010. Basi mji mkongwe ule uchochoro mmoja jenereta nne, moshi wote unaingia madirishani.
Kaka pweza naomba usiiweke ukumbini wala jikoni wala chini ya dirisha la watoto. Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, mtu anaumwa kichwa anasema kalale kidogo na ndo haamki. Iweke nje kabisa, mita sita na zaidi kutoka madirishani, na uangalie upepo, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi moshi hauendi upande mmoja. Kibanda cha mabati wazi pande zote kinatosha kuikinga na mvua. Na usitie petroli hali ya kuwa inawaka au ya moto.

mchangamdogo_boy
mi nauliza tu, kama shida ni freza mbili kwa nini anaunga nyumba nzima?? jenereta ina soketi zake mbele hapo. nunua ekstensheni nzito ya waya mnene ichomeke moja kwa moja kwenye jenereta freza zikae humo basi. hamna chenjova hamna fundi hamna ugomvi na mjomba. ila uikunjue yote, ikiwa imeviringishwa kwenye roli inapata moto na kuyayuka

fundi_kikwajuni
Nakubaliana na huyu, na ningemwambia aanze hivyo hivyo wiki hii wakati anatafuta pesa ya chenjova. 3 kVA hesabu kama kilowati 2.4 za kweli. Freza inapotembea haili kitu kikubwa lakini ile sekunde ya kuwaka inavuta mara kadhaa, kwa hiyo washa moja, subiri itulie, ndo ya pili. Pasi, birika na pampu ya maji sahau, pampu ya hospawa moja tu wakati wa kuanza inaweza kuvuta mara tano sita ya kawaida yake.

pweza_wa_wete
Ahsanteni sana, huyo kijana nshamwambia asije. Taa na feni nnazitaka pia kwa hivyo chenjova ntanunua inshaallah. Niende dukani niseme nataka ipi? Na inafungwa wapi?

fundi_kikwajuni
Nyumba ya feza moja, sema chenjova ya poli mbili, ampea 63, yenye sifuri katikati. Poli mbili maana yake inakata laini (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudi) zote, usikubali ya kukata laini peke yake hata ikiwa rahisi. Inakaa baada ya mita kabla ya DB, lile boksi la swichi za nyumba. Mita na sili yake ni mali ya ZECO, usiguse wala fundi wako asiguse, na kazi hii itake mtu mwenye leseni awajulishe ZECO akizima upande wao. Kutoka jenereta mpaka ukutani tumia waya wa milimita 6 na plagi ya bluu ya ampea 32, ile ambayo vyuma vyake viko upande wa nyumba na matundu yako upande wa waya wa jenereta, hapo hata ikichomoka hamna kinachowaka mkononi.
Kitu kimoja mafundi wengi wanakiruka. Jenereta hizi ndogo nyingi nyutro yake haikuungwa na athi (waya wa kwenda ardhini), inaelea. Kwa hiyo ile RCD kwenye DB yako, swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, ukiwa kwenye jenereta, mtu akiguswa haikati. Na ukibonyeza kitufe cha testi itakata vizuri tu ukasema iko sawa, kwa sababu kile kitufe kinapima ndani mwake chenyewe, hakiangalii athi. Fundi aangalie kitabu cha jenereta, kama inaelea aunge nyutro na athi mahali pamoja tu, upande wa jenereta, na nondo ya athi ya nyumba ipimwe isiwe imeliwa na chumvi. Hiyo ndo sababu nimekataa chenjova ya poli moja, nyutro ya jenereta isikutane na ya ZECO.

pweza_wa_wete
Nondo yetu iko uwani karibu na tangi, juu imeota kutu mpaka imekuwa nyembamba. Ntamwambia aanze na hiyo.

mzee_wa_chasimba
Hiyo chenjova bei gani huko Darajani?