Kwa nini mnaifuta chipu ya BIOS kabla ya kuisoma?

Ndugu zangu mafundi wa kompyuta, na hasa ninyi mnaopokea mashine za watu madukani, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Siku kumi na moja zilizopita tulirudishiwa kompyuta mpakato ya mdogo wangu kutoka duka moja la matengenezo hapa Dar es Salaam, pamoja na maelezo mafupi kwamba mazabodi, yaani bodi kuu, imekufa na tutafute nyingine. Tulilipa shilingi 30,000 za uchunguzi. Mazabodi haikuwa imekufa. Kilichoharibika kilikuwa ni maandishi yaliyomo ndani ya chipu moja ndogo yenye miguu minane, na aliyeyamaliza kabisa ni fundi tuliyemlipa.

Tatizo lilianzia nyumbani. Kompyuta ilikuwa inasasisha BIOS (programu ya kwanza inayoiwasha mashine, iliyo ndani ya chipu hiyo), betri yake ni ya zamani na haishiki chaji, umeme ukakatika katikati ya kazi. Tangu hapo ukibonyeza kitufe cha kuwashia, feni inazunguka, taa ya chaji inawaka, taa ya Caps Lock inawaka na kuzimika kwa mpigo uleule, na kioo kinabaki cheusi. Fundi anayezijua dalili hizi hatafuti shoti kwenye njia ya volti 19 inayoleta umeme wa chaja, kwa sababu mashine yenye shoti hapo haifiki hata hatua ya kuzungusha feni. Anajua kwamba mahali pa kwanza pa kutazama ni fimwea, yaani programu zilizo ndani ya chipu, tena tulimweleza wazi kwamba umeme ulikatika wakati wa kusasisha.

Zipo njia za kujaribu kabla hata ya kushika bisibisi. Kompyuta nyingi za HP hurejesha BIOS ukishikilia kitufe cha Windows pamoja na B wakati wa kuwasha, na nyingi za Dell hufanya hivyo kwa Ctrl na Esc huku ukichomeka chaja. Kampuni nyingine nazo zina vitufe vyao na faili la kuweka kwenye flashi. Nilipomuuliza fundi kama alijaribu lolote katika hayo, alinijibu kwamba hizo ni mbinu za watoto wa YouTube. Sawa, tuseme zisingesaidia. Basi aisome chipu, yaani anakili yaliyomo kabla ya kuyafuta.

Nilipoifungua mashine nyumbani, niliona kwamba chipu ilikuwa imeng'olewa kwa hewa ya moto na kurudishwa, kwa sababu flaksi (dawa ya kulehemea) ilikuwa bado imetapakaa na plastiki ya soketi ya jirani imeyeyuka pembeni. Maana yake ni kwamba aliwahi kuwa nayo mkononi, nje ya mazabodi, mahali rahisi kuliko pote pa kuisoma bila bughudha. Ukiisoma kwa klipu inayobana miguu yake ikiwa bado juu ya mazabodi, umeme wa kifaa chako unavuja kwenda kwenye saketi nyingine, na mara nyingi unapata nakala isiyo sahihi hata kama umeondoa chaja, betri kubwa na ile betri ndogo ya saa. Yeye hakuwa na kikwazo hicho. Kusoma chipu ya megabaiti 16 kwa CH341A, kifaa cha bei ndogo kabisa cha kusomea na kuandikia chipu, ni suala la dakika chache.

Nami nilitumia hicho hicho CH341A, baada ya kuangalia kwanza namba iliyo juu ya chipu. Naomba mnaoanza kazi hii nyumbani msiruke hatua hiyo, kwani W25Q128FV inatumia volti 3.3 ilhali W25Q128FW, ambayo kwa macho ni ileile, inatumia volti 1.8 na inahitaji adapta yake. Zaidi ya hapo, CH341A nyingi zenye bodi nyeusi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data hata pale ambapo umeme wa chipu wenyewe ni volti 3.3, kwa hiyo ipimeni kwa multimita kabla ya kuiamini. Niliisoma chipu mara tatu, nikalinganisha mafaili yote matatu, yakalingana baiti kwa baiti. Kisha nikafungua faili moja na kutafuta jina la modeli, nikakuta jina la kompyuta nyingine kabisa. Fundi alifuta kila kitu, akamwagia faili alilolipakua mahali fulani, na lilipokataa kuwaka akatangaza kwamba mazabodi imekufa.

Nilimpigia simu kumuuliza lilipo faili la awali. Akaniuliza, faili gani?

Swali lake ndilo lililonikera kuliko zile shilingi 30,000, kwa sababu lilinionyesha kwamba kwake chipu ile ni kama flashi tupu inayopokea chochote. Ndani yake hamna BIOS peke yake. Kwenye mashine za Intel kuna sehemu ya maelezo inayoeleza chipu imegawanywaje, kuna sehemu ya Management Engine (programu ya Intel inayosimamia bodi yenyewe) yenye mipangilio ya bodi hiyo, na mara nyingi kuna namba ya mashine, anwani ya kadi ya mtandao na, tangu enzi za Windows 8, ufunguo wa leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta. Faili la kusasishia unalolipakua kwa mtengenezaji kwa kawaida hubeba sehemu ya BIOS tu. Vingine vyote viko mahali pamoja duniani, nacho ni chipu ya mteja wako iliyo mbele yako.

Kazi iliyofuata ilinichukua usiku nne. Nilipata nakala kamili kutoka kwa mtu mwenye bodi ya namba ileile, nikaiandika, mashine ikawaka, na ikajizima ilipotimiza dakika 30. Ikawashwa tena, ikajizima tena dakika 30. Wanaofahamu wataitambua dalili hiyo: Management Engine ya bodi ngeni ilikuwa haijasafishwa, yaani bado ina mipangilio ya bodi hiyo, na mashine haikubaliani nayo. Nikaisafisha sehemu hiyo, nikaiunganisha upya na BIOS ya toleo sahihi, nikaandika, nikahakiki. Sasa inawaka saa nzima na zaidi. Mazabodi iliyokufa inawaka.

Lakini mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho chuoni, na ndani ya diski kuna tasnifu yake. Windows ilikuwa imeifunga diski kwa BitLocker, mfumo wake wa kuficha data kwa ufunguo, bila yeye kujua, kama inavyofanya yenyewe kwenye mashine nyingi mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na sasa inadai ufunguo wa tarakimu 48. Kwenye mashine hii siri inayoifungua diski inalindwa na TPM (sehemu ya kutunzia funguo za siri) iliyo ndani ya fimwea ya Intel, na kumbukumbu za TPM hiyo zinakaa katika chipu ileile iliyofutwa. Laiti nakala ya awali ingekuwepo, ningebadilisha sehemu ya BIOS iliyoharibiwa na umeme na kuacha nyingine zote zilivyo, na kulikuwa na nafasi ya kweli kwamba diski ingefunguka yenyewe. Ufunguo wa tarakimu 48 kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo ya Microsoft, lakini iliyotumika ilifunguliwa na muuzaji siku ya kununua, na nywila yake hakuna anayeikumbuka. Kwa sasa mdogo wangu anachapa upya sura ya tatu kutoka kwenye karatasi alizowahi kumpelekea msimamizi wake.

Najua utetezi utakaokuja. Mtasema kwamba watengenezaji wanaficha michoro ya saketi, na katika hilo niko upande wenu. California ilibidi itunge sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, ili kuwalazimisha watoe vipuri na nyaraka za matengenezo, nasi huku hatuna kitu cha namna hiyo. Hata hivyo, kusoma chipu hakuhitaji mchoro wowote. Mtasema wateja wana haraka. Mashine yetu ilikaa dukani siku tisa.

Kwa hiyo ninadai jambo moja kwa kila anayepokea pesa kwa kazi hii. Kabla ya kugusa kitufe cha kufuta, soma chipu, isome tena, linganisha, hifadhi faili kwa jina la mteja na namba ya bodi, na mpe mteja nakala yake hata kama umeshindwa kutengeneza. Ni mali yake kama ilivyo diski yake.

Na wewe fundi uliyeishika mashine yetu, ambaye najua unapita humu: tafuta tena kwenye kompyuta yako ya kazini. Ukikuta faili lolote la megabaiti 16 la wiki ile, hata lisilo na jina, nitumie. Zile shilingi 30,000 sizidai tena.