Triga ya bastola Shadow 2: nibadili springi tu, ninunue kiti (seti) kizima cha vipuri, au niiache ilivyo?

Mnyamwezi wa Isevya (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Nina CZ Shadow 2, kibali kipo, na huu ni mwaka wa pili napanda treni kwenda Dar kushindana mechi za IPSC (kufyatua bastola kwa shabaha na kasi), daraja la Production, yaani bastola zisizobadilishwa sana kutoka kiwandani. Shida yangu ni risasi ya kwanza. Kanuni inataka nyundo iwe imelala kabla ya kuanza, kwa hiyo mvuto wa kwanza ni ule mrefu, unaoinua nyundo na kuiangusha kwa pamoja. Hapo ndipo ninapoharibu. Risasi inashuka chini kushoto, inatoka katikati ya shabaha, napata kanda ya C, siku mbaya D iliyo mbali zaidi. Zinazofuata, slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi) ikishaisimamisha nyundo yenyewe, sina malalamiko.

Jana nimeipima kwa mizani ya kuning'iniza, nimeazima kwa jirani anayeuza asali. Magazini nje, chemba tupu, nimekagua mara mbili, risasi ziko kabatini chumba kingine. Mvuto mrefu kilo 3.5, mfupi kilo 1.6.

Rafiki yangu wa Dar anasema nibadili springi ya nyundo tu, kazi ya jioni moja. Mwingine anasema nijikusuru ninunue kiti kizima: nyundo, diskonekta ya riseti fupi (inayofupisha safari ya triga kurudi kabla ya risasi inayofuata), triga yenyewe na springi zake zote. Kiti kinazidi bei ya springi zaidi ya mara kumi. Na wapo wanaoniambia nisiguse kitu. Waliopita njia hii wanijuze.

Sajenti Mstaafu (Kigoma, Mwanga)

Mimi niko kundi la wanaosema usiguse kitu, tena bila aibu. Kijana, kilo tatu na nusu ni mzigo gani huo? Tatizo liko kwenye kidole na kiganja, unaikaba bastola kwa mkono mzima wakati kinachotakiwa kusogea ni kidole kimoja.

Chukua shilingi mia mbili, iweke juu ya slaidi karibu na kitazamio cha mbele. Bastola tupu. Vuta mvuto mrefu mpaka nyundo ianguke, sarafu isidondoke. Ukiweza mara 20 mfululizo, ongeza kasi. Dakika kumi kila usiku kwa mwezi, halafu urudi hapa utuambie kama bado unataka kutuma hela Ulaya.

Mgebuka (Ujiji)

Afande shikamoo. Sarafu ni sawa, lakini tusimkatishe tamaa bure.

Mimi nina SP-01 Shadow, nayo ni bastola ya CZ. Nilisikia sifa za springi nyepesi ya nyundo, ya pauni 11.5, nikaifunga. Wakuu, mvuto ulikuwa siagi! Nyumbani navuta natabasamu peke yangu. Nikaenda mechini, steji (kituo cha kufyatulia) ya kwanza, kengele ikalia, nikachomoa, nikavuta: *tik*. Kimya. Nikavuta tena (uzuri wa hizi bastola, nyundo inainuka upya), ikalia. Steji ya tatu *tik* tena, safari hii hata mvuto wa pili haukusaidia, ikabidi nivute slaidi niitupe ile risasi. IPSC alama zinagawanywa kwa sekunde. Zile sekunde mbili tatu zilikula kila kitu nilichokuwa nimepata kwa ulaini wa triga.

Kumbe springi ile ile inayofanya mvuto uwe mwepesi ndiyo inayoipa nyundo nguvu ya kugonga. Ukiipunguza, nyundo inagonga kidogo, na kama praima (kile kifuniko kidogo cha kuwashia kilicho kitakoni mwa risasi) ni ngumu, hailipuki. Wenzetu wa Marekani wanachagua risasi za praima laini kama Federal na maisha yanaendelea. Sisi huku unachagua nini? Unachukua kilichopo dukani. Mwezi huu chapa hii, mwezi ujao chapa nyingine.

Mnyamwezi wa Isevya

@Mgebuka hapo umenigusa. Sasa hivi nina maboksi ya chapa mbili tofauti, na sijui lini nitapata tena.

Dada Shabaha (Tabora, Cheyo)

Kabla hujanunua chochote soma kanuni, kaka. Watu wanafunga vitu halafu wanakuja kushangaa kwenye meza ya ukaguzi.

Production ina njia mbili. Ama mvuto wa risasi ya kwanza usipungue kilo 2.27, ambazo ni pauni 5, ama kila mvuto usipungue kilo 1.36, yaani pauni 3. Bastola yako kwa vipimo ulivyotoa inapita kote kuwili. Ukifunga kiti kikaushusha mvuto mfupi hadi kilo moja, umebaki na mlango mmoja tu, ule wa 2.27 kwa risasi ya kwanza. Sasa ongeza na springi ya 11.5 aliyoisema Mgebuka, mvuto mrefu nao unasogea karibu na mpaka. Ukipatikana uko chini yake unahamishiwa daraja la Open, ukashindane na watu wenye bastola za darubini na kompenseta (kifaa cha mdomoni kinachopunguza mrusho). Bastola yako ya chuma tupu itaonekana kama baiskeli kwenye mbio za pikipiki.

Halafu Production inabana hata vipuri unavyoruhusiwa kubadili, kwa hiyo usinunue kiti kwa kuangalia picha. Daraja la Standard liko huru zaidi upande wa triga, mradi bastola iingie kwenye boksi la kupimia la milimita 225 kwa 150 kwa 45.

Mimi natumia Glock 17, mvuto wangu ni ule ule kila risasi, shida yako siijui mwilini. Ila ukitaka kuona watu wenye triga nyepesi kihalali, angalia bastola ya upepo ya mita 10: gramu 500 tu ndiyo kima cha chini. Lakini yule bwana wa Uturuki, Yusuf Dikeç, aliyechukua medali ya fedha Olimpiki ya Paris 2024 mkono mfukoni, alikuwa amesimama mahali pamoja anafyatua kwenye kiini cha milimita 11.5. Wewe unakimbia kidole kikiwa nje ya triga, moyo uko kooni. Gramu 500 mikononi mwa mtu anayekimbia ni balaa.

Kijana wa Kanyenye

Mimi sishindani, nina bastola ya kujilinda tu dukani. Naweza kufanya triga iwe kama unyoya?

Sajenti Mstaafu

Hapana. Usithubutu.

Fundi wa Ipuli (Tabora)

Kijana wa Kanyenye, afande kamaliza. Ya kujilinda iache kama ilivyotoka kiwandani. Ukiwa umetishwa mkono unatetemeka, na ule uzito wa triga ndio unaokupa nafasi ya kubadili mawazo.

Narudi kwa mwenye uzi. Nimefungua hizi bastola kwa miaka, ngoja niseme kidogo kirefu.

Swali ambalo hakuna aliyekuuliza: mvuto mrefu unautumia mara ngapi? Steji fupi ya IPSC haizidi risasi 12, ya kati 24, ndefu 32. Katika steji ndefu mvuto mrefu ni mmoja tu. Ukibadili magazini katikati nyundo inabaki imesimama. Kiti cha bei ile, kwa sehemu kubwa, unakinunulia riseti fupi na mvuto mfupi ulio mkavu zaidi, yaani zile risasi 31 ambazo umesema mwenyewe hazikusumbui. Unataka kutibu jino, unanunua miwani.

Kinachogusa mvuto mrefu moja kwa moja ni springi ya nyundo na msuguano. Msuguano unapungua wenyewe kwa matumizi. Unaweza kusaidia kwa kung'arisha ile fimbo inayotoka kwenye triga kwenda nyuma, pande zake zinazosugua fremu, kwa kitambaa na dawa laini ya kung'arishia chuma. Kung'arisha, si kupiga msasa. Na unaishia hapo hapo. Ile meno ya nyundo na kikulabu kinachoishika usiiguse hata kwa pamba. Pembe zile zikiharibika nyundo inaweza kuifuata slaidi, na siku moja bastola inakutoka risasi mbili kwa mvuto mmoja. Niliwahi kuletewa moja ya hivyo. Mwenyewe aliangalia video akaona rahisi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Shadow 2, kama SP-01 Shadow ya Mgebuka, haina ile kufuli ya pini ya kugonga (pini inayopigwa na nyundo ili igonge praima). CZ 75 B na SP-01 ya kawaida wanayo, ndiyo maana ya herufi B. Bila kufuli triga inakuwa laini zaidi, lakini ina maana springi ya pini ndiyo inayoizuia pini isisonge mbele bastola ikianguka. Kwa hiyo ukiletewa pakiti yenye springi ya nyundo na springi nyepesi ya pini, ile ya pini iache kwenye pakiti. Na skrubu ya kuzuia triga isipite mbali nyuma usiikaze mpaka mwisho. Ikizidi, nyundo inaanza kukwaruza kwenye kikulabu ikishuka.

Ushauri wangu: springi ya pauni 13, si 11.5. Nunua na ya 15 uiweke akiba. Ya kiwandani usiitupe.

Dada Shabaha

Na kuhusu kuagiza: vipuri vya silaha si kava la simu. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Nenda polisi na kibali chako, uliza kwanza, upate jibu la maandishi ndipo ulipe. Mzigo ukikwama uwanja wa ndege bila karatasi, kilo za triga zitakuwa shida yako ndogo.

Mgebuka

Fundi, mimi nilitatua kwa kufunga pini ndefu zaidi ya kugonga, *tik* zikapungua sana. Lakini kweli, ningeanza na 13 nisingepita huko kote.

Na afande, kuhusu kuvuta kavu (kuvuta triga bila risasi): kwa sisi wa ukoo wa CZ 75 B weka risasi bandia kwenye chemba. Ile pini ndogo inayoshikilia pini ya kugonga huwa inakatika kwa kuvutwa tupu mara nyingi. Yangu ilikatika.

Sajenti Mstaafu

Hilo nimejifunza leo. Sarafu iko pale pale.

Mnyamwezi wa Isevya

Narudi baada ya wiki saba wakuu, samahani kwa ukimya. Polisi walinijibu, springi zilifika kupitia duka lenye leseni, nikafunga ile ya 13 mbele ya Fundi. Kiti nimeachana nacho. Mizani ya asali inasema mvuto mrefu kilo 2.9 sasa, mfupi kilo 1.5. Bado napita njia zote mbili.

Jumamosi renji nilifyatua 150, zote kwa mvuto mrefu, nashusha nyundo taratibu kila mara (kazi ya kuchosha, na mdomo wa mtutu hauondoki kwenye tuta). Chapa ya kwanza, risasi 80, haikugoma hata moja. Chapa ya pili, 70, ziligoma 3. Zote tatu zililia mvuto wa pili.

Afande, sarafu nimefika mara 14.

Fundi wa Ipuli

Tatu kati ya 70 ni nyingi. Hiyo chapa ya pili itumie mazoezini, au funga ile ya 15. Njoo Jumatano baada ya saa kumi.

Sajenti Mstaafu

14 si 20.

Mnyamwezi wa Isevya

Jumatano nakuja Fundi. Afande, jirani anauliza mizani yake nitarudisha lini, msimu wa asali umeanza.