Naomba ushauri: kupima muda wa mbio za nyika zinazoanza kwa makundi

Ndugu zangu, tunaandaa mbio za nyika za vijana hapa Kapchorwa. Njia ya mwanzo ni nyembamba, kwa hiyo kila kundi litaondoka dakika 3 baada ya lililotangulia. Hatuna chipu za kupimia muda, ni saa za mkononi na karatasi tu. Nafikiria saa kuu moja isiyosimamishwa, kisha kwenye muda wa kila mkimbiaji tupunguze dakika ambazo kundi lake lilichelewa kuondoka, namba za kifua ziwe za rangi tofauti.

Kinachoniumiza ni ushindi. Wa kundi la 3 anaweza kumshinda kwa muda mtu ambaye hakumwona kabisa! Kololo, Kampala, mwaka 2017, kwenye mbio za nyika za dunia, walianza bega kwa bega, na kwangu hiyo ndiyo haki. Je, wenye kasi wote niwaweke kundi la 1, zawadi zitoke humo? Na wakifika wengi kwa mpigo, mnawaandikaje?